Mstari Mmoja na Saini

"Mmoja kati ya wale watano si mfamasia. Mtafute kabla ya saa nane."

Ujumbe ulikaa sekunde kumi kwenye simu ya Hellen Nkwabi, kisha ukajifuta.

Hellen aliendelea kugawa karatasi za semina kana kwamba ameambiwa tu sukari imeisha nyumbani. Beji yake ilisema Mwezeshaji Msaidizi. Haikusema kwamba ni jasusi wa serikali, wala kwamba chini ya koti amebeba bastola ya Glock 19. Ufundi dawa aliusomea kweli, kabla Idara haijamchukua.

Ukumbi wa hoteli ulitazama ziwa. Maji yalikuwa meusi asubuhi hiyo, mawingu yamelalia mawe ya Mwanza. Wengi walikuwa wamekuja kwenye mafunzo ya sheria ya famasi kutafuta alama za kuhuisha leseni. Watano wa mstari wa mbele walikuwa na safari zaidi. Walihamishiwa hospitali za ng'ambo ya ziwa, ambako hakuna aliyewahi kuwaona sura, na saa nane mchana kila mmoja angekabidhiwa kasha la mofini, dawa ya maumivu makali, avuke nalo.

Kasha moja lingeingia kwenye magendo, na wagonjwa wangenyweshwa maji ya rangi. Mwezi uliopita ilishatokea. Mtoa habari aliyemjua mwizi aliokotwa ziwani Busisi, anaelea.

Kuzuia makasha yote hakukuwezekana. Wodi za ng'ambo zilikuwa zimekauka, na katika mojawapo, upande wa Kamanga, alilala mama mzazi wa Hellen, saratani imemfika mifupani. Siku ya tatu hiyo hajapata mofini. Jana kwenye simu hakusema neno. Muuguzi alisema ameuma shuka. Hellen aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki.

Kifaa cha mawasiliano kikakwaruza sikioni.

"Kuna boti ya Yamaha chini ya hoteli tangu alfajiri," alisema Masalu, mkuu wake. "Dereva hashuki."

"Naomba ashushwe, mkuu. Kimya kimya."

Mbele, Mzee Josephat, mkaguzi mstaafu wa dawa, alikuwa anauliza maswali. Kila swali alilijibu mmoja wa wale watano, bwana mwenye shati la bluu aitwaye Kashindye. Vifungu, adhabu, nani ashike funguo za kabati. Ukumbi ulimpigia makofi. Ndiye aliyepangiwa hospitali ya mama yake Hellen, naye Hellen alifarijika kwamba mgonjwa wake ataangukia mikono ya mjuzi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe zilikuwa tano.

Saa saba. Hakuwa na kitu.

Ndipo akakumbuka alivyofundishwa kazi. Sheria mtu anaweza kuikariri usiku mmoja. Mkono hufundishwa miaka.

Alimwinamia Mzee Josephat. "Shikamoo mzee. Waandikishe daftari la mofini. Halafu ukosee."

"Marahaba." Mzee alimtazama, akaelewa nusu, akakubali yote.

"Andikeni kwa wino," aliwaambia wale watano. "Mofini, chupa kumi na nane." Kalamu zikakwaruza. "Aa, samahani wanangu, uzee huu. Ni kumi na tano. Sahihisheni."

Hellen akapita nyuma yao.

Wa kwanza alipiga mstari mmoja juu ya kosa, akaandika namba sahihi pembeni, tarehe, saini. Wa pili vilevile, huku anapiga miayo. Wa tatu. Wa nne. Hakuna aliyefikiri. Kwenye daftari hilo kosa halifichwi. Linakatwa lakini linabaki linasomeka, na aliyekosea anaweka saini.

Kashindye alikuwa anaisugua kumi na nane kwa wino.

Aliisugua mpaka ikawa doa jeusi ambalo hata mganga asingelisoma. Kisha mkono wake ukasimama. Sheria alikuwa ameikumbuka, ila amechelewa. Aliinua macho, yakakutana na ya Hellen.

Akaruka meza.

Mlango wa kioo. Ngazi. Mawe. Gati dogo. Alitumbukia botini, akavuta kamba ya injini. Akavuta tena.

"Bomba la mafuta ninalo mimi," alisema Masalu sikioni.

Yule mtu aligeuka na bastola. Hellen alimuwahi. Mlio mmoja tu, na bastola ikazama ziwani pamoja na damu ya kiganja.

"Wagonjwa wenyewe wanakufa tu, dada," alisema akihema. "Nimemwibia nani?"

"Mama yangu."

Alimlenga kifuani. Kidole kilikaa kwenye kifyatulio muda mrefu.

"Hellen," Masalu alisema taratibu. "Namtaka hai."

Akaishusha bastola.

"Kashindye wa kweli yuko wapi?" alimuuliza yule mtu.

"Magu. Ghala la mpunga."

"Hai?"

Yule mtu akatazama maji.

Kasha alilipokea Mzee Josephat, maana leseni yake ilikuwa hai, na Hellen alimsindikiza. Wakiwa katikati ya maji kwenye kivuko cha Kamanga, simu ilitetemeka. "Tumemkuta Kashindye. Tumechelewa siku mbili." Hellen aliirudisha simu mfukoni.

Hospitalini, fundi dawa aliyeitwa Precious alifungua daftari. Mzee alitia saini, kisha Hellen akaandika kama shahidi.

"Dada, umeandika kumi na nane. Ni kumi na tano."

Alipiga mstari mmoja. Akaandika namba, tarehe, saini.

Wodini alisimama kando ya kitanda. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Meno yalikuwa kwenye shuka. Muuguzi alimnywesha dawa kidogo kidogo, na Hellen akasubiri, macho kwenye ukuta.

Nusu saa. Zaidi.

Shuka likamtoka mama mdomoni.

"Marahaba," alisema.

Hellen alimfunika vizuri, akafunga vifungo vya koti juu ya bastola, akatoka kuwahi kivuko cha kurudi.