Dokta, Unasoma Nini Tena?

Hii alinisimulia Clotilde mwenyewe, msimu uliopita wa mahindi, tukipukuchua barazani kwake. Ni mambo ya Likasi, kule Katanga, Kongo, mwaka wa tisini na nne.

— Papa, ngoja mbele Germain aseme! Clotilde akamsihi baba yake.

— Aseme nini? Muntu amemaliza masomo yote, njo dokta wa kemia. Sasa anataka kwenda Ubelgiji miaka mbili, kusoma tena. Kisha udokta kunabakia kusoma nini? Iko na bibi ingine kule!

Mzee Albert alifoka hivyo penye foni, ile redio ya kuongea na Kinshasa, alikokuwa Germain, mchumba wa Clotilde, akingoja viza. Foleni nzima ya watu pale mtaani Panda ilisikia. Clotilde alijua: baba alikwisha kuapa, jibu likiwa bovu leo, uchumba umekufa.

Sauti ya Germain ikaja na mikwaruzo, ikimalizia kwa "à vous", yaani zamu yako:

— Clotilde, mupenzi, unanisikia? À vous.

— Nakusikia. Papa anauliza unaenda kusoma nini. À vous.

— Haiko kusoma, ni kutafuta. Ndani ya mwili kuko bintu bidogo sana, macho haibionake. Biko kama munyororo, binajikunja. Kimoja kikijikunja mubaya, muntu anagonjwa. Minye naandika hesabu, mashine inanionyesha namna kinajikunja. À vous.

Mzee Albert akanyakua kipaza sauti.

— Ile mashine inatumika siku ngapi?

Redio ikakwaruza tu. Constantin, mwenye foni, akamnong'oneza:

— Papa, sema "à vous".

— À vous!

— Kuona kinajikunja kidogo tu, siku nane, usiku na muchana. Njo maana miaka mbili, Papa. À vous.

Muuza samaki mmoja wa ziwa Tshangalele akapaza sauti katika foleni:

— Papa Albert, muntu anangojea siku nane kintu kijikunje, atashindwa kuvumilia bibi?

Watu wakaangua kicheko. Mzee akajikuna kidevu. Clotilde akakichukua kipaza sauti polepole.

— Germain, minye sitakungojea. À vous.

Kicheko kikakatika.

— Clotilde… unaniacha? À vous.

— Nikuache? Kuya tufunge ndoa mbele, kisha tuende wawili! À vous.

— Nakuya juma hii! Viza ikuwe, isikuwe, nakuya! À vous.

Betri ya foni ikafa hapo hapo.

— Na nani amekubali? mzee akauliza.

— Weye, Papa. Haukusema hapana.

Jioni ile Mzee Albert aliwaeleza majirani habari za munyororo kana kwamba mashine ni yake, mpaka akasinzia kitini. Clotilde akamvua viatu, akamfunika kitenge. Kisha akajinyoosha kitandani, akitabasamu peke yake, na usingizi ukamchukua.