Shema Alishaitika

Haya yalimpata rafiki yangu Wellars, fundi wa kompyuta hapa Gisenyi kando ya ziwa, mwaka 1999, usiku mmoja, ofisini kwa mjane Pascasie. Alikuwa akiunganisha barua pepe za mama huyo za mtandaoni na programu ya kompyuta, azisome hata laini ya simu ikikatika.

Programu ikauliza jina la mwenye akaunti. Wellars, mtu wa mzaha mbaya, akaandika la marehemu mume wa Pascasie, Shema. Akajaribu kutuma kwa anwani ya Pascasie mwenyewe: "Mi iko njiani."

Barua ikaingia, mtumaji Shema. Pascasie akashika kifua.

"Shema alishaitika! We hauogope Mungu?"

Maana kwetu mtu hafi. Huitwa na Mungu, akaitika.

"Bon, sawa, tumwite tena," Wellars akacheka, akaandika na kutuma: "Shema, uko wapi?"

Radi ikapiga juu ya ziwa. Wellars akachomoa waya wa simu ukutani, radi isije ikaunguza modemu, kile kifaa cha kuingilia mtandaoni kwa simu. Umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Ndani ya giza lile modemu ikaanza kulia, ule mluzi wake wa kukwaruza, na waya ungali mkononi mwake.

Umeme uliporudi, kompyuta ikawaka na barua moja mpya, kutoka kwa Shema:

"Mi nilishaitika. Sasa anaitwa Wellars."

Pascasie akaisoma mara mbili, akafuta machozi.

"Itika basi," akamwambia.