Njema, Ila

Ndugu zangu mnaosoma, kaeni kitako kidogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka tisa nimekuwa katibu wa Kamati ya Kutembelea Wagonjwa katika kanisa letu. Ninayotaka kuwasimulia yanatuaibisha sisi wa kamati, na mimi nimo. Majina sitataja, maana wahusika wako hai na Jumapili hadi Jumapili tunakaa nao benchi moja.

Aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu ni fundi redio. Mkewe ni mshonaji. Binti yao wa pekee ameolewa mbali, kwa hiyo nyumbani wamebaki wawili tu. Ungewakuta asubuhi ya Jumamosi ungewaonea wivu. Mume amekaa mlangoni anapiga viatu rangi huku anaimba besi ya wimbo wa kesho. Mke yuko kwenye cherehani yake karibu na dirisha, majoho ya kwaya yamerundikwa kitini, chai iko mezani imefunikwa kisahani. Hakuna kelele wala ugomvi. Ulevi nyumba ile haiujui, na mwenye nyumba hajawahi kumwinulia mkewe mkono. Tulikuwa tunawataja kwenye mafundisho ya wachumba.

Jumamosi moja, mke alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alilamba ncha, akajaribu, ukapita pembeni. Akalamba tena. Alijaribu mara saba au nane, mwishowe akauweka uzi chini.

"Habari za asubuhi, mama?" mume aliuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye kiatu. Alikuwa ameamka mapema kwenda kufungua kanisa, na ndiyo kwanza wanasalimiana.

"Njema, ila haya macho yangu..."

"Bwana asifiwe!" Akainuka, akachukua daftari lake la wagonjwa, akamgusa mkewe begani. "Mama, nimeshachelewa. Tuna kikao."

Akaenda zake.

Nyote mnajua lugha yetu ilivyo na heshima. Mtu akiulizwa habari, kwanza hujibu njema. Upepo umeng'oa paa, atakwambia njema, ila tunalala nje. Amefiwa jana, atakwambia njema, ila tumepata msiba. Ukimkuta amening'inia juu ya mti na ngazi imeanguka, nadhani naye atakwambia njema kabla hajaomba ngazi. Hiyo njema ni kukukaribisha tu. Habari yenyewe inakuja baada ya ila, na aliyeondoka kabla ya hapo hakupata habari yoyote.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kuondoka kwenye njema. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya kazi ya Mungu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze mwendo. Jumatatu kikao, Jumanne mazoezi ya kwaya, Jumatano kutembelea wagonjwa, Alhamisi maombi, Ijumaa kikao cha kupanga vikao. Msicheke, kilikuwepo, na muhtasari wake niliuandika mimi.

Yule mama alikwenda zahanati mwenyewe. Muuguzi akamwangalia, akaona jambo linalozidi uwezo wa pale, akamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya macho. Chini ya barua aliandika kwa herufi kubwa: AJE NA MTU. Alimweleza kwamba kule watamtia dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa hataona vizuri, hivyo hataweza kurudi peke yake.

Barua ile alimwonyesha mumewe siku hiyohiyo. Mume alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Lini hiyo?"

"Siku yoyote ya kazi, asubuhi. Ila wanataka niende na mtu."

"Wiki hii imebana, mama. Tuiweke katika maombi, tutapanga."

Aliirudia baada ya wiki tatu, akajibiwa kwamba kuna semina. Akairudia tena mazao yalipokuwa yanavunwa, akaambiwa atafute mtu. Baada ya hapo barua ilikaa ndani ya kopo la vifungo.

Najua mtauliza kwa nini hakumwomba jirani. Wanawake wenzangu hawataniuliza hilo. Mke wa mwenyekiti wa kutembelea wagonjwa, apite nyumba kwa nyumba akitafuta wa kumsindikiza hospitali? Kesho yake mtaa mzima ungejua kwamba mumewe hana nafasi naye. Alimfichia mumewe aibu, na akailipia kwa macho yake.

Na mimi, ndugu zangu? Mimi nilimpelekea kitambaa anishonee gauni. Nilipokwenda kulichukua nikakuta mkono mmoja umeshonwa nje ndani, upande wa kitambaa wenye maua umegeukia mwilini. Nikamfokea. Nilisema, "Mama, wewe wa kunifanyia hivi? Siku hizi kazi unaifanya umelala?" Akasema, "Samahani, mwalimu, nitalifumua." Nilipoona uso wake umeshuka nikajirudi kidogo. "Lakini hujambo? Habari yako?" Akasema, "Njema, mwalimu, ila..." Nikatazama saa. Nikamwambia tutaongea. Nilikuwa nawahi kikao, na katika kikao hicho tulimwombea mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho. Mwenyekiti ndiye aliyeomba. Aliomba kwa machozi, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Siku ya siku ikafika. Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Yule mama alikuwa anamalizia joho la mwisho la kwaya. Kwa jicho la kulia hakuwa anaona kitu tena, ila yeye mwenyewe hakujua, maana la kushoto lilikuwa linambebea mzigo. Alipeleka mkono chini ya sindano akidhani bado kuna nafasi ya vidole viwili. Mguu ukakanyaga pedeli. Sindano ikapita katikati ya kidole cha shahada, ukucha na nyama, ikakatikia humo.

Akajifunga kitambaa, akatembea hadi kwenye kibanda cha mumewe, nyumba kama ishirini kutoka kwao. Mume alikuwa na mteja, bibi mmoja mzee aliyeleta redio inayokoroma. Wale wanaomfahamu fundi wetu watakwambia kwamba hana mfano. Hafungui redio kabla ya kuihoji. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na spika, macho ameyafumba.

"Inaanza kukoroma lini, bibi? Ukiiwasha tu, au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto."

"Na inakoroma mfululizo, au inakatakata?"

Mkewe akasimama pembeni ya meza. Mume alimtambua kwa mlio wa viatu.

"Mama, umekuja? Habari za nyumbani?"

"Njema," akasema mke.

Safari hii hakuongeza neno. Aliniambia baadaye kwamba alilitafuta kinywani akalikosa, kwamba alichoka ghafla kama mtu aliyegonga mlango mpaka mkono ukamfa ganzi.

"Haya, Bwana asifiwe. Nisubiri kidogo."

Yule bibi ndiye aliyeona damu ikidondoka juu ya meza, karibu na bisibisi.

"We fundi!" akapiga kelele. "Mkeo anatoka damu hapa, wewe unaiuguza redio yangu! Izime hiyo!"

Fundi akafumbua macho. Alikiona kitambaa, akauona na uso wa mkewe, na akasema jina la Mungu kwa namna ambayo haikuwa ya kikaoni. Kibanda alikiacha wazi. Bibi yule akakaa kukilinda mpaka saa tisa mchana, na redio yake ikiwa haijafunguliwa.

Zahanati walimkuta muuguzi yuleyule. Alikitoa kipande cha sindano, akaosha, akafunga kidole vizuri. Halafu akafungua kadi ya mgonjwa ili aandike. Akasoma, akasoma tena.

"Mama, wewe nilikuandikia rufaa ya macho. Ni miezi saba sasa. Ulikwenda?"

Mama akatazama sakafu.

"Niliandika uje na mtu. Hukupata mtu?"

Muuguzi akamgeukia mwanamume aliyesimama mlangoni, shati limelowa damu.

"Na wewe, baba, ni nani wake?"

"Mume wake."

Muuguzi alikaa akimtazama. Hakupandisha sauti.

"Kumbe mtu alikuwepo," akasema, akaendelea kuandika.

Mwenyekiti alinisimulia haya mwenyewe, akaniomba niyaandike. Aliniambia kwamba maishani mwake amekemewa na wachungaji, amesutwa na wakwe, lakini hakuna neno lililowahi kumkalisha chini kama lile. Alikaa kweli, kwenye benchi la zahanati, mikono kichwani.

Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali ya macho. Aliingia na mkewe kila chumba. Daktari alipima, akatia dawa, akapima tena, kisha akazungumza nao taratibu. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia limekufa, na presha ikishaua jicho hakuna dawa wala upasuaji wa kulirudisha. La kushoto limebaki na uwezo wa mbele tu, pembeni pameshaingia giza. Kwa dawa ya matone asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, huenda likabaki hivyo lilivyo.

"Tungekuja ile miezi saba iliyopita?" mume akauliza.

Daktari alikuwa mtu wa huruma, akataka kukwepa. Mume akamrudia swali.

"Mngekuja wakati ule," akasema daktari, "la kushoto lingekuwa zima. Na la kulia tungeliokoa kiasi."

Mke alikuwa amekaa katikati yao, mboni zimepanuka, haoni sura ya yeyote. Hakulia. Mume ndiye aliyelia, na wagonjwa wa kwenye foleni nje wakasikia.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akajiuzulu uenyekiti. Alisema sababu zote bila kuzipaka mafuta. Kwa mazoea watu wakaitikia "Bwana asifiwe" na wachache wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Baada ya ibada tukakutana sisi wa kamati, haraka haraka, tukakubaliana kwamba Jumatano twende nyumbani kwake na nyimbo, na maombi, na zawadi ndogo. Nikatumwa mimi kumwarifu mama.

Nilimkuta ameketi karibu na cherehani, imefunikwa shuka. Mumewe alikuwa jikoni anaosha vyombo. Nikasema maneno yangu. Mama akanisikiliza hadi mwisho, maana yeye anajua kusikiliza.

"Mwalimu, nawashukuru," akasema. "Mtakuja siku nyingine. Sitaki kutembelewa na kamati." Akageukia jikoni. "Mtu ambaye hajaja kunitembelea ni huyu."

Vyombo vikanyamaza. Mume akatoka, mikono inachuruzika maji. Akavuta kigoda, akakiweka upande wa kulia, pale alipozoea kukaa. Mkewe akatikisa kichwa.

"Huko sikuoni, baba."

Akakibeba akazunguka nacho, akakaa upande wa kushoto, mbele kidogo, goti kwa goti.

"Niambie," akasema. "Sina ninapokwenda."

Mama akaanza, na alianza mbali, tangu mwaka ambao binti yao aliolewa. Nikachukua mkoba wangu nikatoka polepole, maana mazungumzo yale hayakuhitaji katibu.

Mafunzo

Ndugu zangu, ukisikia hadithi ya nyumba iliyoumia, unatafuta chupa, au mwanamke wa nje, au ngumi. Katika nyumba hii palikuwa na nyimbo na daftari la wagonjwa. Mtu anaweza kuitelekeza nyumba yake akiwa amevaa suti ya ibada, na sisi tukampigia makofi. Mungu hakumtuma mtu yeyote kuwahudumia wa mbali kwa kumkimbia wa karibu. Hiyo safari tunajituma wenyewe, kwa sababu mgonjwa wa mbali anatushukuru, na wa nyumbani anatudai muda.

Yule kipofu wa kwenye Injili aliyekaa kando ya njia alipopaza sauti, watu wa Bwana ndio waliomkemea anyamaze. Walikuwa na safari. Mwenye safari mwenyewe ndiye aliyesimama, akamwita, akamuuliza anataka afanyiwe nini, na akangoja jibu. Fikirini, Yeye aliyejua kila kitu aliuliza na akangoja.

Nimefundisha lugha miaka thelathini na minne. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba neno ila lina kazi mbili. Linaunganisha sentensi, na pia maana yake ni kasoro, kitu kilichoharibika. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi hizo mbili zinaweza kuwa moja. Mwenzako anapolitamka neno hilo, anakuonyesha mahali alipoharibikiwa. Usimjibu kwa "Bwana asifiwe" ukatoka. Bwana hasifiwi kwa namna hiyo.

Na mjue kwamba watu huchoka. Atalisema mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu siku moja atakujibu njema na kunyamaza, nawe utafurahi ukidhani mambo yametengemaa. Hiyo ndiyo siku ya kuogopa kuliko zote.

Kwa hiyo funga ukurasa huu. Yupo mtu chumba cha pili. Nenda ukamuulize habari zake, na ukishauliza, vuta kiti ukae mahali anapoweza kukuona.