Kofia za Watoto Njiti

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya kushonea lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Mafundi waligombea zipu, akina mama walinyoosha mikono juu ya vichwa vya wenzao wakidai vifungo, na mwenye duka, kalamu sikioni, alimjibu kila mtu bila kumtazama yeyote. Katikati ya msukumano huo kijana mmoja mrefu, sweta lake la bluu limetoboka kiwikoni, aliuliza kwa upole kama kuna uzi usiokatika ukivutwa.

Watu wakacheka. Mwenye duka akamwambia uzi wa namna hiyo bado haujazaliwa.

Dada aliyebanwa ubavuni mwake hakucheka. Alivaa gauni la kijani kibichi, pindo lake limezungushiwa mishono ya njano iliyokwenda upande huu na ule kama mtu anayekwepa madimbwi. Akamtaka amwonyeshe alichokuwa akishona. Kijana akatoa mfukoni kitu ambacho dada alikidhania soksi. Ilikuwa kofia. Ingeweza kuvalishwa chungwa ikatosha, imeshonwa kwa mkono kutokana na fulana kuukuu, na mshono ulikuwa umefumuka kote.

"Ya mdoli?" dada aliuliza.

"Ya mtu," alijibu kijana. "Mtu mdogo sana."

Alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati wao. Alieleza kwamba watoto hao hupoteza joto kupitia kichwani, na kofia za dukani huwafika mabegani, kwa hiyo yeye hushona za kwao wakati wenzake wanakunywa chai. Tatizo ni kwamba kila akimvalisha mtoto, uzi unakatika.

Dada akaivuta kofia kwa vidole viwili, akaiachia. Uzi hauna kosa, alimwambia, kosa ni mshono. Fulana inavutika, mshono ulionyooka hauvutiki, kwa hiyo lazima mmoja ushindwe. Hapo panatakiwa zigizaga, sindano iyumbe kushoto na kulia, mshono uvutwe na urudi.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ununue cherehani."

"Sina uwezo huo. Wewe unalo?"

"Ninalo."

"Basi nimeshapona," alisema, na mara hii dada alicheka hadi mwenye duka akainua macho.

Dada huyo aliishi na shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, katika vyumba viwili vya ghorofani juu ya duka la matairi. Cherehani lake lilikuwa la zamani, na lilijua mishono miwili tu, wa kunyooka na wa zigizaga. Ofaloki, ile mashine ya kufunga kingo, hakuwa nayo. Basi zigizaga ikawa ndiyo mkono wake wa kulia. Aliipitisha kwenye kingo za vitambaa zisichambuke. Aliibana ikawa nene, akachora nayo maua kwenye vitambaa vya meza. Sweta la shule likitoboka, alishona juu ya tundu huku na huku kwa uzi wa rangi nyingine mpaka tundu likageuka jani, na watoto wa jirani walifikia kuombea masweta yao yatoboke. Hata vifungo alivishona kwa mashine, kitambaa kimetulia, sindano ikiruka kutoka tundu hadi tundu. Mtaani hawakumwita jina jingine ila Zigi.

Kofia za muuguzi alizishona kwa namna aliyoibuni mwenyewe. Hakulaza kitambaa juu ya kitambaa, kwa sababu mshono wa hivyo huacha tuta, na tuta dogo ni jiwe kwenye ngozi ya mtoto njiti. Aliweka ukingo ukitazamana na ukingo, akazishika pamoja kwa zigizaga pana ya uzi laini. Ukipitisha kidole ndani huwezi kuhisi chochote.

Muuguzi alipokuja kuzichukua alipitisha kidole, kisha akauliza kama anaweza kuja tena wiki ijayo, hata kama kofia hazitakuwa tayari. Shangazi, aliyekuwa akifumua suruali dirishani, alimtazama juu ya miwani yake. Alipoondoka shangazi alisema kijana yule anapenda sana kofia kwa mtu asiyekuwa na upara.

Toka hapo Zigi akamwita Bwana Kofia. Muuguzi alipiga simu kila mchana akiwa mapumzikoni, akimwelezea nani kaongezeka uzito na nani kaondolewa mpira wa kupumulia, na Zigi alibana simu kwa bega huku akishona. Siku moja alimwambia sauti ya cherehani lake ndiyo inayomtuliza kuliko maneno yake. Zigi akanyamaza makusudi, akakanyaga mashine tu, hadi muda wa mapumziko ukaisha na mwenzake hajakata simu.

Walipendana. Jioni walitembea kando ya barabara ya reli, yeye na sweta lake la bluu ambalo sasa lilikuwa na jani jekundu kiwikoni, Zigi na magauni yake ya mapindo yaliyochangamka. Bwana Kofia alimwambia aliwahi kuoa, wakaishi miaka kadhaa, ndoa ikavunjika. Zigi alipouliza sababu alisema hawakuelewana, akabadilisha mazungumzo. Alimpeleka kwa mama yake, mwanamke mnene mcheshi aliyempakulia mara mbili na kumwita mwanangu. Ilibaki mama huyo kuja rasmi kwa shangazi.

Kabla hajaja, Zigi akapata ujauzito.

Alimwambia mchana, kwenye benchi nyuma ya hospitali, huku akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Bwana Kofia hakucheka. Alimtazama kama mtu anayesomewa habari za nyumba nyingine, akauliza:

"Umesema una nini?"

Zigi akarudia. Akauchukua mkono wake auweke tumboni. Mkono ule ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala, na baada ya muda mwenyewe akauondoa. Alisema anahitajika wodini. Akaenda.

Jioni hakupokea simu. Kesho yake hakupokea. Zigi alidhani ameingiwa na hofu, kama wanaume wengi wanavyoingiwa, akampa nafasi. Aliyepiga hatimaye alikuwa mama yake Bwana Kofia.

"Nilikuita mwanangu," alisema mama, bila salamu. "Mwanangu mimi aliugua matubwitubwi utotoni, daktari akaniambia hatazaa. Ameishi na mke hawakupata hata dalili. Sasa wewe mwenye mimba umtafute mwenye mimba yake, utuache."

Zigi alisimama katikati ya chumba, simu imekatwa sikioni. Hapo ndipo alipojua kwa nini ndoa ya kwanza ilivunjika, na kwa nini mkono ulikuwa mzito.

Alimfuata Bwana Kofia kwenye geti la hospitali. Alimsihi waende pamoja apimwe, wewe ni muuguzi, unajua vipimo vinafanyika vipi. Lakini mtu yule aliyechoma sindano watoto wa gramu mia nane bila kutetemeka, kipimo chake mwenyewe alikiogopa tangu ujana. Katika muda wote wa ndoa yake hakukubali kukifanya. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alimheshimu, na kwamba hatamuuliza mimba ni ya nani.

"Niulize," alisema Zigi.

Akakataa kumuuliza. Mwezi haukuisha akaomba uhamisho, akaenda kufanya kazi mji mwingine. Habari ilishuka ngazi hadi duka la matairi na kutoka hapo mtaa mzima ukawa nayo. Wateja wengine walianza kupeleka nguo kwingine. Shangazi hakumhoji Zigi hata mara moja. Siku jirani mmoja alipoleta maneno mlangoni, shangazi alimrudishia sketi yake ikiwa nusu imeshonwa, akafunga mlango.

Zigi aliendelea kushona kofia. Alisema watoto wale hawajamkosea. Shangazi ndiye aliyezipeleka wodini.

Kisha mtoto wake akaja mapema mno.

Wauguzi walimlaza kwenye sanduku la joto na kumvalisha kofia waliyoikuta kabatini, na Zigi aliposukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi pale, kitu cha kwanza alichokitambua ni mshono wake mwenyewe. Kisha akauona uso. Siku zilizofuata alikaa na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, hatikisiki. Fulana za kawaida hazikuweza kupita kwenye mipira na nyaya. Basi akamwomba shangazi amletee cherehani, wauguzi wakampa kona kwenye chumba cha akina mama. Alikata shati lililofunguka ubavu mzima, kingo akazizungushia zigizaga ndogo ndogo, akaweka utepe wa kufungia. Mtoto alilivaa. Wauguzi wakauliza kama atawashonea wengine, akasema ndiyo, akishaondoka hapo na mtoto wake.

Mtoto alikuwa na nguvu kuliko walivyotarajia. Alishika kidole cha mama yake na hakukiachia kirahisi. Halafu asubuhi moja mapafu yakachoka. Alikata roho kifuani pa mama yake, jua limeingia dirishani, na Zigi hakumruhusu mtu yeyote amchukue mpaka shangazi alipofika.

Mashati aliwashonea hata hivyo.

Huko mji mwingine, Bwana Kofia hakuwa mzima. Alifanya kazi, alikula, alilala, lakini alikonda, na wenzake wa wodi ya zamani hakuwapigia simu hata mara moja. Daktari mmoja rafiki yake alimbana hadi akafunguka, akamwambia yote. Daktari alisikiliza, akamwambia kwamba matubwitubwi mara nyingi hayamnyimi mtu uzazi, akamuuliza nani alimpima. Ikabidi aseme hakuna. Wakapima. Majibu yalipotoka daktari alifunga mlango kwanza. Hakuwa na kasoro yoyote.

Alipanda basi la kwanza lililokuwa na nafasi.

Alifika alasiri, amenyoa, amevaa shati jeupe, na kwapani amebeba blanketi jipya la mtoto lenye picha za twiga. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu kichwani kuwa mtoto sasa huenda anaanza kukaa. Shangazi alifungua mlango, akalitazama lile blanketi, uso wake uliokuwa umejiandaa kwa ugomvi ukalegea. Akaingia chumba cha pili.

Zigi alikuwa mashineni. Alivaa gauni la kahawia lisilo na pambo lolote.

"Nimepima," alisema Bwana Kofia akiwa bado mlangoni. "Mtoto ni wangu. Nimekukosea, sina pa kuuweka uso wangu. Naomba nimwone tu. Amelala?"

"Kaa kwanza."

"Nimwone tu, Zigi."

"Kaa, Bwana Kofia."

Kwa jinsi alivyolitamka jina hilo, kwa upole, mwanamume akajua. Akakaa. Zigi akamweleza yote kuanzia kofia ya kabatini mpaka asubuhi ile, bila kuongeza na bila kumwonea huruma. Mwanamume akaliinamia blanketi akalia kama anayetapika. Zigi alimletea maji, akasubiri.

Alipoweza kusema, aliomba msamaha. Aliomba tena. Alimwambia hajampenda mwingine, kwamba arudi kesho na mama yake na wazee wake, waoane, waanze upya. Wanaweza kupata mtoto mwingine, sasa anajua.

"Nilikupenda," alisema Zigi. "Mpaka leo simu ikiita mchana moyo unaruka. Lakini mimi siku ile sikuhitaji unioe. Nilihitaji uniulize. Hata kwa ukali ungeniuliza, ningekujibu, tungegombana, tungeenda kupima. Wewe ulinihukumu halafu hukumu ukaiita heshima."

"Niambie nifanye nini."

"Mpigie mama yako. Sasa hivi, nisikie."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Alimwambia mama yake amepimwa na ni mzima. Alimwambia mtoto alikuwa wake. Kisha akasema mtoto alizaliwa njiti na hayupo. Upande wa pili palisikika kiti kikiburutwa, kisha pumzi za mtu mzima anayejizuia kulia.

"Nilimtukana mtoto wa watu," alisema mama. "Ee Mungu wangu. Nilimtukana." Kisha, polepole: "Mjukuu wangu alikuwa wa kike au wa kiume?"

Bwana Kofia akafungua kinywa. Akamtazama Zigi. Tangu aingie mle ndani alikuwa ameomba msamaha mara nyingi, ameomba ndoa, ameomba mtoto mwingine, na hilo hakuliuliza.

Zigi alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Wa kike, mama," alisema. Akahamia kiti cha dirishani, akampa mwanamume mgongo, na mama alipouliza binti alifanana na nani, akaanza kumsimulia.