Karanga Zilizomwagiwa Maji

Kijiji chetu kina nyumba chache, na zenyewe zimeachana. Ukisimama kwangu ukamwita jirani yangu Scola, atakusikia, lakini uite mara mbili. Asubuhi utasikia kengele za ng'ombe wakienda malishoni. Kisha utasikia kinu. Baada ya hapo ni kimya mpaka jioni. Gari likipita, watu tunatoka nje kuangalia ni la nani. Anayetaka kelele aende mnadani Kinyangiri.

Tunalima uwele, mtama, alizeti na karanga. Kubangua karanga ni kazi yetu wanawake. Tunakaa kwenye kivuli cha nyumba, tunabangua na kuongea. Ganda kavu ni gumu, vidole vinauma. Ndiyo maana mama zetu walitufundisha njia nyepesi. Jioni unazimwagia karanga maji, unazifunika kwa gunia, zinalala hivyo. Kesho yake ganda limelainika, unabonyeza tu.

Nimefanya hivyo tangu nikiwa na meno yote. Mwanangu Ezekieli alipomwoa Hana kutoka upande wa Mtinko, nikamfundisha na yeye.

"Kwetu tunabangua kavu, Mama," Hana aliniambia.

"Ndiyo maana ulikuja hapa na sugu vidoleni," nikamjibu. Akacheka. Akafuata nilivyosema, maana mimi ni mama mkwe wake.

Hana alikuwa na watoto wawili. Moses alikuwa bado ananyonya. Jenipher alikuwa na miaka minne, na huyo ndiye alikuwa rafiki yangu. Nikibangua, yeye anakaa karibu na ungo, tunategeana vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mzee wangu yuko shambani, kutwa anageuza shingo kufuata jua."

"Karanga."

Kila kitendawili alijibu karanga, kwa sababu ndizo alizokuwa anaziona mbele yake.

"Siyo karanga. Nipe mji."

"Nakupa Kiomboi."

"Nimefika Kiomboi, nimekula nyama, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni alizeti."

"Na mimi nyama yangu iko wapi, Bibi?"

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka wakati wa kuvuna. Karanga tulizianika chini, kwenye udongo. Hazikukauka vizuri. Tukaziweka ndani kwenye magunia, tukayaegemeza ukutani. Siku ya kubangua nikazimwagia maji kama kawaida. Mara ukaja msiba kijiji cha pili, tukaenda kuzika. Karanga zikalala na maji yake siku tatu chini ya gunia.

Tuliporudi tukabangua, tukachambua. Nzima na nzuri zikaenda mnadani. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoota ukungu wa kijani tukabaki nazo sisi.

"Hizi tutupe?" Hana aliuliza.

"Chakula hakitupwi," nikasema. "Ukungu unaisha kwenye moto."

Nikazikaanga, nikazitwanga. Unga wake nikautia kwenye mlenda wetu, na zaidi kwenye uji wa Jenipher, ili anenepe. Makombo wakala kuku. Vifaranga vikaanza kufa. Nikasema ni ugonjwa wa mdondo.

Siku moja Jenipher akaonja uji, akasukuma kikombe.

"Bibi, uji mchungu."

Nikaongeza sukari. Akanywa.

Wiki ya tatu akaanza kutapika. Akakataa chakula. Tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Ezekieli akawapeleka hospitali kwa pikipiki, mtoto katikati, Hana nyuma amemshika. Daktari akasema ini limeharibika sana. Akamuuliza Hana mtoto amekula nini mwezi ule. Hana akamweleza yote. Siku ya nne Jenipher akafa. Tulimzika upande wa juu wa nyumba.

Kijiji kikaongea chinichini. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Mimi nilinyamaza.

Hana hakunitukana hata siku moja. Shikamoo alinipa kila asubuhi. Lakini uji wa Moses alipika mwenyewe. Akienda shamba, anakwenda naye. Nikinyoosha mikono nimpokee mtoto, ananiambia, "Amelala, Mama," na mtoto ananitazama, macho yote wazi. Nikajua mkono wangu hautamlisha tena mjukuu. Hilo liliniuma kama kifo cha pili.

Mwezi mmoja baadaye alikuja Aneth, afisa ugani. Ni binti mdogo, anatembea na pikipiki, ana sauti ya taratibu. Baada ya mazishi, kwa taarifa ya daktari, alikuwa amechukua karanga zetu zilizobaki, zikaenda kupimwa. Alitukusanya wanawake nyumbani kwa Scola.

"Shikamooni mama zangu. Zile karanga zimekutwa na sumu nyingi," alisema. "Inaitwa sumukuvu. Inatengenezwa na ukungu. Ukungu unapenda unyevu na joto. Mkizimwagia karanga maji na kuzifunika, mnauandalia kitanda."

Scola akaguna. "Mwanangu, bibi zetu walimwagia maji. Walikufa wote kwa karanga?"

"Inategemea sumu ni kiasi gani, mama. Ikiingia nyingi kwa mara moja, mtu anaugua ini na anaweza kufa upesi, hasa mtoto. Ikiingia kidogo kidogo, inamharibia ini kwa miaka mingi. Wangapi hapa walikufa matumbo yamejaa, na hakuna aliyejua sababu?"

Wanawake wakatazamana. Scola akashika tama. Mume wake alikufa hivyo.

Mimi nikauliza. Ilinibidi niulize.

"Nilizikaanga mpaka zikanukia. Moto haukuitoa?"

"Moto unaua ukungu, bibi. Sumu inabaki."

"Ningeziosha?"

"Haitoki kwa kuosha."

"Na mtoto akisema uji mchungu, ukatia sukari?"

"Uchungu ndiyo dalili, bibi. Karanga chungu tunatema, tunatupa. Lakini nyingine zina sumu na hazina uchungu. Kwa hiyo tusingoje ulimi."

Hana akainuka, akamfunga Moses mgongoni, akaondoka. Nikawaambia wenzangu kwa mdomo wangu: "Mimi ndiye niliyempikia. Sikujua. Nanyi leo mmejua."

Msimu uliofuata tulifanya alivyotufundisha Aneth. Tuling'oa karanga zilipokomaa, tukazianika juu ya turubai. Kila siku nilichukua moja nikaitikisa sikioni, mpaka nikasikia punje zinacheza ndani ya ganda. Hapo zimekauka. Magunia tukayapanga juu ya chaga ya miti, mbali na ukuta. Maji hatukumwaga hata tone. Kikundi chetu kikapata mashine ya kubangulia, ya kuzungusha kwa mkono.

"Ingekuja nikiwa msichana," Scola alisema akizungusha, "ningekuwa na vidole laini, ningeolewa mjini."

"Na huo mdomo?" nikamwambia. "Mjini wangekurudisha."

Zile mbovu hatukula, hatukuuza, hatukuwapa kuku. Nilichimba shimo mbali na kisima, nikazimwaga, nikafukia. Karibu debe zima. Nilikuwa nimeinama na jembe niliposikia Hana yuko nyuma yangu.

Alirudi nami kwenye ungo. Akakaa. Akaanza kuchambua zile nilizokwisha kuchambua. Akatoa moja, akanionyesha. Ilikuwa na doa dogo.

"Macho yangu yamezeeka," nikasema.

"Tutachambua wawili, Mama."

Tukachambua mpaka jua likawa utosini. Tukamaliza, Hana akachukua beseni la nguo. Moses alikuwa amekaa chini, anacheza na maganda.

"Moses hajanywa uji," Hana akasema.

"Nimpikie?"

Akasimama pale na beseni. Nilifikiri atanijibu kuwa mtoto amelala.

"Mpikie," akasema, akaenda kufua.

Nikapika, nikatia karanga. Nikaonja mimi kwanza. Moses akanywa wote.

Vifaranga sasa vinakua. Nyumba zote za kijiji hiki zina chaga. Hakuna anayemwagia karanga maji, na binti akiolewa huku tunamwonyesha turubai kwanza.

Moses ametimiza miaka minne mwezi uliopita. Amelingana na dada yake. Mwakani atakuwa mkubwa kuliko yeye.