Ukurasa wa Kwanza Kwenye Foleni

Kila asubuhi kabla ya kengele, msichana aliyekuwa kiranja wa chumba cha kompyuta alifuta vumbi, akawasha kompyuta kumi za mfumo wa Linux, kisha akaiwasha printa iliyozihudumia zote kwa mtandao. Asubuhi hiyo aliikuta imewashwa tayari. Akaipita kwa mbali.

Jana yake, akiwa peke yake, aliandika tangazo la kuwachekesha wenzake: “Tahadhari! Mama Miwani akikoroma, madirisha hutetemeka.” Mama Miwani ndiye mkutubi aliyesimamia chumba hicho. Msichana alibonyeza “chapa”, na papo hapo akasikia viatu vya mkutubi koridoni. Kwa kiwewe akabonyeza “sitisha”, akatimua mbio. Kumbe hakusitisha tangazo lake tu. Alikuwa amesitisha printa nzima.

Saa tatu mwalimu mkuu aliingia, uso umekunjamana.

“Fomu za usajili wa mtihani ziko wapi?”

“Nimezituma tangu asubuhi, mwalimu. Hazitoki,” alijibu Mama Miwani.

“Zinachukuliwa saa sita. Zisipotoka, utanikabidhi funguo za chumba hiki. Nimechoka na visingizio!”

Mama Miwani alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Fundi akaitwa. Akakagua waya, mzima. Karatasi zimo, wino umo. Akaijaribu printa kupitia mtandao, ikaitikia. Kila alipokuta kitu kizima, msichana alirudi nyuma hatua moja.

“Printa haina ugonjwa,” fundi alisema mwishowe. “Kazi thelathini na moja za kuchapa zimepanga foleni. Kuna mtu ameisitisha. Nani ana ruhusa hiyo?”

“Mimi na kiranja wangu tu,” alijibu Mama Miwani.

“Basi ni wewe,” mwalimu mkuu alimwambia, bila hata kumtazama msichana.

“Huenda. Macho haya siku hizi… Lakini mtoto huyu hawezi, namjua.” Akaanza kuvua kamba ya funguo shingoni.

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuirudisha printa kazini.

“Ni mimi!” Msichana aliangua kilio. “Nimeisitisha mimi. Ukurasa wa kwanza ni wangu. Nisamehe, mama!”

Fundi alibonyeza. Printa ikanguruma, ikatema ukurasa mmoja. Mama Miwani akausoma polepole, mara mbili, huku fomu zikianza kumiminika. Mwalimu mkuu alinyoosha mkono. Msichana akavua beji yake ya ukiranja, akampa.

“Kukoroma nakoroma kweli,” Mama Miwani alisema. “Hata mume wangu analalamika. Ungeniambia jana, tungecheka, tukalifuta tangazo.”

“Nilikuogopa, mama.”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua. Maneno haya hayajaniuma, mwanangu. Kilichoniuma ni kwamba ulinitazama navua funguo, ukanyamaza mpaka dakika ya mwisho.”

Mama Miwani alizipanga fomu, akamkabidhi mwalimu mkuu, kisha akairudisha kamba ya funguo shingoni mwake.

“Kosa likisemwa mapema, hufutwa kwa kidole kimoja,” alisema. “Likifichwa halipotei. Hukaa kwenye foleni, likisubiri zamu yake.”