Nyasi na Jiwe

Kila asubuhi Naserian alikwenda shule na nyanya yake, Koko Namunyak, kwa kijia kilichokatiza uwanda wa Kitengela. Kila hatua ilimkumbusha Koko jambo.

"Hapa nyumbu walivuka hadi mbwa wetu wakachoka kubweka. Hakukuwa na lango hata moja, mtoto wangu."

Naserian aliyapenda masimulizi hayo kuliko uji wa moto.

Muhula wa pili, tajiri mmoja alinunua uwanda ule, akakifunga kijia kwa seng'enge. Watoto wakalazimika kupitia barabara kuu. Katoo wa darasa la nne akagongwa na lori, akavunjika mguu. Wazazi walipeleka barua tatu ofisini kwa tajiri. Hakuna aliyejibu.

Ndipo akina mama na watoto wao walipoketi mbele ya lango la tajiri, malori yake yasipite. Kila mama alishika nyasi mbichi, maana kwa Wamaasai, mwenye nyasi mkononi hapigi wala hapigwi. Leshan, askari wa lango, alipoziona alishusha rungu.

"Yeyo, mama yangu, nimeamriwa niwaondoe," alimwambia Koko.

"Amri tumeisikia, mwanangu, lakini hatutoki. Umekunywa chai?"

Akina mama wakacheka. Shirleen, rafiki wa Naserian, akanong'ona, "Haya ni maandamano ama harusi? Watatuona wajinga!"

Naserian akaona haya. Akaokota jiwe, akalirusha. Lilimpata Leshan juu ya jicho, damu ikatiririka.

Kicheko kikakatika. Askari wenzake wakaja mbio, marungu juu. Koko akasimama mbele yao na nyasi zake.

"Nani amerusha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi, Koko."

"Shika hizi nyasi. Enda umwombe msamaha."

"Lakini wao ndio wamefunga njia!"

"Wamefunga, na tutakaa hapa mpaka wafungue. Hata hivyo, jiwe ni lako. Enda."

Naserian alimwendea Leshan na nyasi mkononi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba."

Leshan alijifuta damu. Kisha akamwekea kiganja kichwani, kama mtu mzima wa Kimaasai anavyomsalimu mtoto. Marungu yakashuka. Koko alimfunga Leshan jeraha kwa leso yake, halafu akarudi kuketi palepale langoni.

Kufikia saa tisa malori yalikuwa yamepangana hadi barabarani. Tajiri akaja na chifu, akakubali kuacha kijia wazi, upana wa ng'ombe wawili. Leshan mwenyewe ndiye aliyeikata seng'enge.

Wakirudi nyumbani, Koko alitazama uwanda kwa muda mrefu.

"Mama yangu aliketi hivihivi mbele ya trekta, kule Bisil," alisema. "Siku mbili juani, akiimba nyimbo za kanisa. Hakutoka, wala hakumtukana dereva. Amri mbaya unaweza kuikataa, Naserian, ukiwa tayari kuchomwa na jua. Lakini aliyetumwa na amri hiyo ni kiumbe wa Mungu kama wewe. Kesho utapita langoni kwake ukienda shule, na itabidi umtazame machoni."